Daftari la Mabela

Tulipoanza tulikuwa nyumba kumi na moja,
na daftari lilikuwa kichwani mwa Bi Shinuna.
Ukimwuliza nani anaumwa, nani kajifungua,
nani hajarudisha sufuria ya pilau tangu arusi ya Ibra,
alikujibu huku anachuja tui, hageuki.

Sasa Mabela imejaa. Kila mwezi gari la mizigo
linashusha magodoro mbele ya nyumba yenye rangi mbichi,
na jioni mtu anabisha hodi:
"Nimesikia hapa mnazungumza Kiswahili."
Karibu. Andika jina. Andika simu.
Wamekuja wa Unguja, wa Tanga, wa Kigoma,
wa Bujumbura na Kiswahili chao chenye mwendo wake,
na vijana waliozaliwa hapa hapa, wanaosema "shikamoo"
kama mtu anayejaribu kiatu cha babu yake.

Bi Shinuna akanikabidhi mimi,
kwa sababu nilifanya kazi bandarini, kuhesabu makontena.
"Wewe umezoea," alisema, "vitu vinavyofanana."

Msiba wa kwanza chini ya mkono wangu
zilikuja chupa kumi na nne za kahawa, kijiko hata kimoja.
Watu saba walileta sambusa, kila mmoja
akidhani ni yeye peke yake.
Maji ya kunywa? Kila mmoja alidhani ni mwenzake.
Mfiwa mwenyewe ndiye aliyetoka na funguo za gari,
macho mekundu, kwenda dukani kununua katoni mbili.
Usiku ule sikulala. Nilipiga mistari.

Hapa sambusa. Hapa maji. Hapa wa kuosha maiti.
Hapa maswali ambayo kila mgeni huja nayo
(kitambulisho hubadilishwa wapi, mwalimu wa chuo ni nani,
muhogo mbichi unauzwa duka gani Ruwi),
nikayaandika mara moja tu, na majibu yake,
nikabandika mlangoni.
Hata hivyo waliuliza.
Si kila aulizaye anataka kujua;
wengine huuliza ili wavutiwe kiti.

Kisha nikaanza kusafisha majina.
Sleyum Khamis, Suleiman Khamis, na Sle wa Viyoyozi:
mtu mmoja, kaandikwa mara tatu, na michango yake
imegawanywa kama mkate kwa watoto wasiokuwepo.
Nikamkusanya. Nilisikia raha, nasema kweli,
ile raha ya kusukuma droo ikaingia mpaka mwisho.
Nikafuta Zuwena wa pili. Nikafuta Mbarouk wa tatu.
Nikafuta Rayya binti Said, kwa kuwa Rayya binti Said
alikuwepo tayari, mstari wa arobaini.

Ramadhani ikapita. Likaja joto la Juni,
lile la kushika mlango wa gari kwa ncha ya kanga.
Mama mmoja mfupi, mwenye fimbo ya alumini,
akasimama kizingitini. Nilimkaribisha, hakukaa.
"Nililazwa siku kumi na tisa," alisema.
"Kila jioni naangalia mlango wa wodi.
Nikasema, labda zamu yangu haijafika.
Mimi ni Rayya. Si yule wa Tanga. Wa Bujumbura.
Nani kanifuta?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nyekundu.

Nimemrudisha. Mstari wake ni mrefu kuliko yote:
Rayya binti Said, wa Bujumbura, nyuma ya fundi matairi,
goti la kushoto, kahawa bila tende,
hucheka kabla hajamaliza hadithi.
Mistari bado napiga; bila mistari
mfiwa atakwenda tena dukani.
Lakini nikiona jina limejirudia
naweka kalamu chini, nachukua simu.
Inalia. Inalia.
Nangoja sauti,
nisikie kama ni ile ile.