Ngazi

Luchelele, usiku, wadudu wa ziwa hufuata taa za maktaba.
Asubuhi Nkwimba huwatoa kati ya kurasa,
mmoja mmoja,
kama anayechambua mchele wa wageni.

Masika bati lilipovuja juu ya rafu ya sheria
aliandika barua tatu.
Ya nne hakuiandika:
alibeba kitabu kilichovimba, kinachuruzika,
akakiweka mezani kwa Mkuu wa Chuo.
Akaondoka.

Maji yalitambaa taratibu
kuelekea fomu ya gari jipya la Mkuu,
ambayo haikuwa imesainiwa bado.

Jumamosi tulimkuta Dakta Lugembe juu ya paa,
suruali imekunjwa, misumari mdomoni.
Nkwimba chini, kashika ngazi kwa mikono miwili:
“Polepole nyundo, Daktari.
Kuna watu wanasoma.”