Kipimo cha Saa Nane Usiku

Mchana walinipeleka hadi chini ya dohani.
Meneja Tesha, kofia mpya ya plastiki kichwani,
alinionyesha mvuke ukipaa:
"Unaona? Mweupe kama mtindi."
Niliona.
Siku hiyo walichoma maganda ya kahawa,
hata harufu ilitamanisha.

Nimezaliwa mji wenye jina la kitu ninachokipima.
Chuoni walinicheka sana.
Bibi alisema pafukapo moshi pana moto;
juu ya pasipofuka hakuniachia neno.

Basi nimerudi usiku,
juu ya ghorofa ya Ndekirwa isiyokwisha tangu mwaka juzi,
nondo zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka.
Kanankira, mlinzi, ananimulikia tochi.
Namwomba aizime.
Chombo changu kinasoma infraredi,
mwanga ulio chini ya wekundu,
ambao jicho halikupewa
na ngozi huujua ikikaa karibu na jiko.
Namimina nitrojeni kwenye kikombe chake cha ndani,
baridi kuliko Kibo, baridi hadi inatokota,
maana sikio la kusikiliza joto
sharti lenyewe ligande.

Kila gesi hutikisika kivyake,
kama kila ukoo Uchagani na salamu yake.
Salfa hata ivae kanzu nyeupe,
hapa huvuliwa.

"Mbona sioni kitu," anasema Kanankira.
Kweli. Dohani ni nguzo nyeusi tu,
nyota ziko palepale.
Lakini kwenye kioo mstari unaanza kupanda,
na si bega tulivu la Kibo,
ni Mawenzi: meno, meno, meno.
Yale mapipa yaliyofunikwa turubai mchana
sasa yanaungua.

Mlinzi anakohoa.
Tangu Machi, asema, ni saruji ya hapa.
Simjibu. Chombo hupima dohani,
vifua hakikufundishwa.

Upepo unashuka kutoka mlimani,
unachukua kisichoonekana, unakipeleka Pasua,
kwenye madirisha yaliyoachwa wazi kwa sababu ya joto.

Natoa fomu.
Mahali: Moshi.
Rangi ya moshi: haionekani.
Kiasi:

Hapa namwomba Kanankira awashe tochi.