Ukurasa wa Majira Haya

Vueni viatu hapa. Geuzeni ncha zielekee mlangoni,
nyumba ijue kwamba mtaondoka.
Tiketi yeni mia nne, watoto wa shule bure.
Miguu itawaganda, mtuwie radhi:
walioiuzia mwanga miji saba
waliona kuni ni ubadhirifu.

Ni nyumba ya ukoo wa Umezono, wauza nta.
Vitunda vya kijivu, vikapikwa kwa mvuke, vikakamuliwa,
nta ikaanikwa juani hadi ikawa nyeupe kama jino la mtoto.
Ndiyo mshumaa, ndiyo mafuta ya nywele za maharusi,
ndiyo hii boriti ya msonobari mnayoishangaa.

Hapa aliketi tajiri. Hapa karani na kihesabio chake.
Pale, penye ubao uliolika katikati,
walipiga magoti waliokuja kukopa.
Picha ruksa. Kizingiti msikikanyage.

Mlango ule mfupi, nyuma ya jiko?
Wa wajakazi. Bibi yangu alikuwa mfupi,
na bado aliinama.
Hilo halimo katika kijitabu chenu.
Mimi mwaka wa kumi na moja huu naongoza wageni,
naingia kwa mlango mkubwa kila asubuhi,
na kila asubuhi shingo inainama yenyewe.

Sasa sogeeni kwenye kioo.
Daftari hili hugeuzwa ukurasa mmoja kila majira,
kwa kuwa mwanga hula wino.
Hata humu, naam, mwanga una njaa.
Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Na watu je?
Nimesubiri kurasa arobaini na tatu.
Jana jioni Bwana Kuramochi alivaa glavu nyeupe,
akageuza, akafuta kioo, akaenda kunywa chai.

Nifuateni, kutoka juu kwenda chini:
nta, mizigo sitini. Chumvi. Sadaka ya hekalu.
Kisha, kwa mwandiko wa mtu anayebana wino,
*Kiyo wa jikoni. Sahani moja ya samawati, imevunjika.
Akatwe ujira wa siku tisa.*

Bibi alituhadithia sahani ile mpaka kufa kwake.
Alisema ni paka.

Mtoto mwenye kofia ya njano ameinua mkono.
Haulizi bei ya nyumba, kama wanavyouliza wakubwa.
"Walimrudishia?"
Nafungua kinywa. Yote niliyokariri
yamekomea kwenye chumvi.
Mwalimu wake anamwambia, nyamaza.

Ukurasa utabaki hivi mpaka majani yapukutike.
Kila saa nitakuja na kundi jipya
nilitamke jina lake kwa sauti
katika chumba ambacho hakukiingia
ila akiwa na kitambaa mkononi, akifuta kurudi nyuma,
nyayo zake mwenyewe za mwisho.

Haya, tuendelee.
Ghala liko kushoto. Angalieni vichwa.