Herufi Moja

Duka langu liko Mafinga, nyuma ya stendi,
kati ya fundi viatu na muuza mbegu za misonobari.
Napiga chapa, natoa kopi, nalaminisha vyeti.
Ukurasa mia tano. Wenye jedwali, tunaelewana.

Mwezi wa sita, ukungu umelala mpaka saa nne,
akaingia kijana wa kampuni ya chai,
viatu vyake havijawahi kujua tope letu.
Printa ya ofisini imegoma, alisema,
na gari la Dodoma linanguruma nje.

Karatasi tatu za mwandiko wa mkono.
Sikuzisoma. Mpiga chapa hasomi, anahamisha.
Vidole ndivyo vilivyosoma:
kifungu cha kumi na tisa kifutwe,
kibarua wa msimu asihesabike mwajiriwa,
likizo ya uzazi na saa ya kunyonyesha
ni mzigo, na mzigo huo utawaangukia
wanawake wenyewe, kwani nani atawaajiri?

(Hapo nilisimama kidogo.
Nilimfikiria mdogo wangu, anayetafuta kazi.
Nikaona, labda wana hoja.
Nikaendelea.)

Na palipoandikwa *mzazi*,
kidole kikiwa ganzi kwa baridi,
nikapiga *mzizi*.
"Kila mzizi ana wajibu wa kujipanga."
Niligundua gari limeshapita Changarawe.
Mezani ameacha noti ya elfu kumi.
Chenji? Aliniambia, nunua chai.
Mufindi hii, mtu aniambie ninunue chai.

Wiki ya tatu, redio ya fundi viatu: Bunge.
Akasimama mheshimiwa wetu, huyu huyu
aliyekula makande kwa kina Lusungu kule Kibao,
akampakata mtoto wa watu, picha ikapigwa.
Picha hiyo niliitolea kopi mia mbili, za rangi.
"Mheshimiwa Spika, nimetumwa na akina mama
wanaochuma chai jimboni kwangu.
Wamenituma niseme, kila mzizi ana wajibu..."
Akasita. Nikasikia karatasi ikigeuzwa, ikarudishwa.
"...ana wajibu wa kujipanga."
Meza zikapigwa.

Fundi viatu aliacha sindano kwenye soli, akacheka:
leo mbunge wetu amekuwa bwana shamba!
Mimi koo lilikauka.
Mtoto akipotea sokoni, mama humjua kwa kilio.
Herufi ile niliizaa mimi.

Jumamosi Lusungu akaja, kanga imelowa kifuani.
Kamwene, dada. Kamwene.
Alitaka kopi ya kadi ya kliniki.
Anatoka kitandani nyota zikiwepo, kapu mgongoni,
mchanga anaachiwa binti wa miaka saba,
na maziwa yanamwagikia kwenye mistari ya chai.
"Mizani yao inapima majani tu," alisema,
bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.
Kisha akavuta kigoda.
"Unaandikaga barua? Nataka nimwandikie mbunge.
Yeye hajui haya. Angejua asingesema vile.
Amewahi kumpakata mwanangu."

Ningemwambia nini?
Kwamba maneno ya mbunge yalitokea kwenye meza hii,
pale pale alipoegemeza kiwiko?
Kwamba noti imeshageuka mafuta ya taa na daftari za watoto?
Nilipuliza vidole. Nikaandika anavyosema,
neno kwa neno, na vituo vyake, na kikohozi chake.
Nilipofika kwenye *mzazi* nikaliangalia sana.
Nikalipitia mara ya pili. Mara ya tatu.

Nilikataa hela yake. Akakasirika:
mimi siombi, nalipa kama wengine.
Akahesabu sarafu, mia, mia, mia mbili, mia,
akazidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga
ninamowekea mapato yote.
Nilizisikia zikigonga chini.