Hesabu za Mfua Jezi

Agosti nilikabidhiwa jezi ishirini na mbili,
za njano, kola nyeusi, nembo ya jani la chai,
na mche mmoja wa sabuni.
"Mama Asegelile," katibu akasema, "msimu huu tunapanda daraja."
Nikamuuliza: na sabuni je, nayo inapanda?
Akacheka. Mche wa pili nilinunua mwenyewe.

Wenzangu husikiliza msimamo wa ligi redioni.
Mimi nausoma kwenye beseni.
Maji ya Singida hutoka kijivu,
ya Songea mekundu kama mawese ya Kyela,
Mtwara huniachia mchanga ndani ya mishono
nikautoa kwa sindano.
Mechi ya nyumbani ni tope tu, tope la Tukuyu,
lishikalo kitambaa
kama mdai aliyekwisha kuvuta kigoda mlangoni.

Na mvua! Siku tatu kamba imebeba soksi
na soksi hazijui kama zimeanikwa.
Nikahamishia jikoni, juu ya moto wa kuni.
Jumamosi timu ikaingia uwanjani ikinukia moshi.
Wageni kutoka Tabora wakagoma kupeana mikono:
"Hawa wamefukizwa!"
Mwamuzi akasogea, akanusa kola ya nahodha,
akanusa tena, akasema,
"Haya ni maharage. Chezeni mpira."
Tukashinda mbili bila.
Tangu hapo kocha akanikataza kuanika juani,
hata siku ile moja ya Januari jua lilipokumbuka njia.

Namba moja ni ya Ambokile.
Asubuhi hupakia ndizi kwenye malori pale Kiwira,
jioni hudaka.
Utomvu wa mgomba hautoki:
nimejaribu limau, majivu, mafuta ya taa.
Doa limekaa kifuani, jeusi, kama kisigino cha mtoto.
"Liache, mama," akaniambia,
"washambuliaji hulilenga."

Desemba likafunguliwa dirisha dogo,
Ipyana akapita humo na begi lake moja, kwenda Dar.
Namba kumi na moja ikakosa mtu.
Niliendelea kuifua kila Jumapili,
sijui kwa nini. Ilikuwa safi.
Nikiikamua ilitoa maji yaleyale niliyoitia.

Machi hawakulipwa.
Aprili ikamfuata mwenzake.
Wakapanda basi kwenda Kigoma,
siku mbili njiani, mkate na soda,
wakafungwa nne.

Jasho likikauka huacha chumvi,
ramani nyeupe mgongoni; kila mtu na nchi yake.
Nizijua zote: ya nahodha ina ziwa katikati,
ya beki wa kushoto ina visiwa.
Jezi za Kigoma nilizikunjua moja moja
chini ya taa, nikazigeuza.
Hakuna nchi. Hakuna hata kisiwa.
Kumi zimerudi kama zilivyokwenda,
zimepigwa pasi na kiti cha basi.
Namba moja tu ndiyo iliyokakamaa kwa chumvi
hadi ikasimama yenyewe mezani.

Sikumwambia mtu.
Nikaloweka zote pamoja.

Mechi ya mwisho ilikuwa hapa, kwenye ukungu,
nusu ya uwanja tuliiona, nusu tulisimuliwa.
Sare ya moja moja.
Tukakosa mtoano kwa pointi moja,
na watu wakamtukana mwamuzi,
wakalitukana lango la kaskazini,
wakaitukana mvua.
Mimi nilikuwa nahesabu soksi.

Juni nimerudisha jezi ishirini na moja.
"Namba moja iko wapi?" katibu akauliza.
Imeliwa na utomvu, nikamjibu,
na leo asubuhi nimeiona Kiwira, juu ya lori,
ikipokea mikungu, mmoja baada ya mwingine,
bila kuangusha.

Sabuni: miche thelathini na minne.
Umelipwa mmoja.