Betri za Kuanika

Aluma amekuja na simu na spika ndogo kama kopo la maziwa,
akaiweka mezani, pembeni mwa sahani ya mihogo,
akasema: Shangazi, nimeupata ule wimbo wa babu.
Umesafishwa. Hauna hata chembe.

Kweli haukuwa na chembe.
Gitaa la kwanza lilitoka pale lilipotakiwa kutoka,
la pili likakaa mkono wa kushoto, likijua nafasi yake,
na kati ya sauti na sauti kulikuwa na kimya
cha wodi mpya kabla wagonjwa hawajaletwa.

Sisi hapa Oli hatukuwahi kuwa na kimya cha namna hiyo.
Santuri ya baba ilianza kabla ya wimbo:
mchakacho kwanza, kama mtu anayemenya karanga chumba cha pili,
kisha ngoma, kisha mama akiuliza
nani amehamisha taa.
Ilikuwa imepinda. Mwaka wa kukimbia,
mimi nikiwa mgongoni mwa mama,
ilivuka mpaka hadi Ariwara ndani ya godoro,
godoro kichwani mwa baba, jua juu ya godoro,
ikarudi Arua miaka sita baadaye na wimbi mwilini.
Tangu hapo kila mzunguko mwimbaji aliinama kidogo,
kama mtu mrefu anayeingia nyumba ya udongo,
akanyanyuka, akainama tena.
Na kwenye ubeti wa pili sindano iliruka.
Neno moja, au mawili, hatukujua.
Tuliimba na mruko wake. Mdogo wangu Drileba
aliruka kwa mguu pia.

Leo neno lile limetoka kwenye spika, zima,
na ulimi wangu ulikuwa umeshavuka ng'ambo.

Lakini si hilo.

Ni kwamba mwimbaji ni kijana.

Nikamwambia Aluma, huyu siye. Huyu amebadilishwa.
Akanionyesha kioo cha simu: jina lilelile, mwaka uleule.
Mtoto wa miaka ishirini na kitu, koo jembamba,
anaimba kama ameacha baiskeli nje bila kufuli.
Wetu alikuwa mzee. Wetu alikuwa na kifua kizito,
alivuta kila neno kama ndoo kutoka kisimani,
nami nilimwonea huruma, nikidhani amefiwa.

Nimekaa na jambo hilo mpaka chai ikapoa.
Zilikuwa betri.
Betri nne kubwa ambazo baba alizianika juu ya bati
karibu na muhogo, akazigeuza saa sita kama anageuza samaki,
ili jioni zipate pumzi ya kusukuma sahani.
Hazikuwahi kujaa. Sahani haikuwahi kwenda mwendo wake.
Uzee ule wote ulikuwa njaa ya umeme.

Basi hata baba.
Nimehesabu kwa vidole: thelathini na sita
alipokuwa akikaa pale kwenye kigoda, macho ameyafumba.
Mimi nina arobaini na nane.

Aluma, ambaye hapendi mtu anyamaze, akasema simu inaweza,
kuna mahali pa kupunguza mwendo.
Akapunguza. Gitaa likaburuta miguu.
Ila sauti haikushuka. Alikuwa kijana yuleyule
akitembea polepole, kama anamsubiri mwenzake.
Uchovu haukuwamo.

Akaniuliza ipi bora. Anauliza kwa dhati,
amesomea mambo ya sauti Kampala, ana namba za kila kitu.
Nikamwambia yake ni ya kweli zaidi. Akafurahi.
Na ni kweli: wimbo ulioimbwa ni huo wake.
Huu wangu hakuna aliyeuimba.

Ameondoka na spika yake mfukoni.
Fundi Khemis amenikatia mkanda mpya wa gramafoni
kwenye tyubu ya baiskeli, unanuka mpira mbichi.
Nimetoa betri kwenye tochi. Nimezianika.
Saa sita nitazigeuza.