Nyasi za Buluu

Picha ililetwa Kibokoni imefungwa kwa gazeti,
kioo kimepasuka pembeni, fremu imeonjwa na mchwa.
Badawi wa duka la vitu vikuukuu
aliiokota mnadani, nyumba moja ya Kizingo
ambayo warithi wake wako mbali na hawakutaka kitu.
"Nizibie hapa tu, Bi Mwanatumu,
kabla meli ya watalii haijatia nanga."

Tukaitandaza mkekani, karibu na dirisha.
Binti mchungaji, viatu miguuni (viatu, malishoni!),
fimbo yake imefungwa utepe,
kijito, daraja la mawe, mti mfupi kuliko mbwa,
kondoo watano wanene
na wa sita tundu: nondo walimla,
wakambakiza sikio na kwato mbili.
Na nyasi, kilima kizima, buluu.

Bi Mwanatumu ameshona kofia za vito miaka arobaini na tano;
wanaume wa mji huu huingia msikitini
na nuru ya macho yake vichwani.
Aliisogeza picha hadi ikamgusa pua.
"Nti gani hii, malisho yake rangi ya nili?
Na hawa kondoo, mikia wameiweka wapi?"

Akaigeuza.

Nyuma ni kijani.
Kijani cha mchicha uliooshwa sasa hivi,
maana jua halikufika huko likailamba manjano yake.
Nyuma ni mafundo, nyuzi zilizokata njia,
mahali mkono ulipokosea, ukafumua, ukarudia,
na doa la kahawia, dogo,
ambalo kila mwenye sindano analijua.
"Mtoto huyu," akasema. "Tazama alivyouvuta uzi.
Ana hasira. Kilima hakukiona katu,
aliketishwa."
Kisha akanyamaza kitambo,
kidole gumba kikipapasa fundo moja.

Mimi ndiye mato yake siku hizi; kazi yangu kutunga uzi.
Nikauliza, nitunge upi?
Wa mbele, ulingane na wanachokiona watu,
au wa nyuma, alioukusudia yule mtoto?
"Badawi analipia mbele."
Nikatunga buluu.

Siku tatu alimjenga kondoo wa sita
kwa mshono ule ule wa viua vya kofia.
Siku ya nne nikaona ana mkia:
mpana, wa mafuta, umelegea kwa uzito,
kama wa yule wa Idi aliyefungwa uani kwa kina Shebwana
akala kanga mbili na kitabu cha madeni.

Badawi hakuuona. Mnunuzi naye hakuuona.
Wala hawakuona, upande wa ukutani,
chini ya tumbo la kondoo huyo,
mshono mmoja wa kijani.
Uzi wake niliutunga mimi, usiku, taa ikisinzia;
niliambiwa nitunge, sikuuliza.

Badawi alilipa elfu moja,
akakata mia mbili za kioo.